Kusoma Kilichokwisha Kusomwa

Ziko namna mbili za kusoma, na shule hufundisha moja tu kwa sababu ndiyo inayoweza kutahiniwa. Namna ya kwanza ni kusoma ili kujua. Mtoto hufungua kitabu cha jiografia, hujifunza kwamba mto Kilombero huungana na Luwegu na kuwa Rufiji, hufunga kitabu, na kama ana kumbukumbu nzuri hana haja ya kurudi kwenye ukurasa ule. Namna ya pili ni kusoma jambo ambalo msomaji analijua tayari. Analisoma leo, atalisoma kesho, na mwaka ujao tarehe kama hii atakuwa bado analisoma. Namna hii haina mtihani wala cheti, na mtu akiulizwa anafaidi nini kwayo, mara nyingi hupata kigugumizi.

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni hili: mtu mwenye akili timamu anapata nini kwa kusoma leo maneno matakatifu yale yale aliyoyasoma jana na juzi? Je, ni ibada, au ni mazoea yaliyovikwa joho la ibada? Wala si swali dogo. Muda wa mtu si wake peke yake. Una madai ya mke, watoto, shamba na jirani. Anayetumia sehemu ya kila siku kwa jambo lisilomwongezea maarifa hana budi kujiuliza kama anatenda haki.

Mimi nilibatizwa na kulelewa katika Kanisa Katoliki, kama walivyo wengi katika bonde hili. Ningeweza kulijibu swali kwa mifano ya nyumbani tu. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeona ni heri kuanzia kwa majirani ambao tuliishi nao miaka mingi bila kuwauliza lolote zaidi ya bei ya chumvi. Nawasema Wahindu, na hasa wale wanaoitwa Wavaishnava, yaani wale wanaomwabudu Mungu kwa jina la Vishnu, au kwa majina ya Krishna na Rama, ambamo wanaamini kwamba alishuka duniani.

Kiswahili kiliwaita Mabaniani, na kikawatungia methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Ni methali inayotusuta sisi kuliko inavyomsuta yeye. Tulikitaka kiatu, mwenyewe hatukumtaka. Tulijua dukani mwake kuna nini, moyoni mwake hatukuuliza. Hata hivyo hawakuja pwani yetu jana. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, ya Wabhatia kutoka Kutch, ndiyo iliyokodishwa na masultani wa Unguja kazi ya kukusanya ushuru wa forodha. Wabhatia kwa desturi ni Wavaishnava. Kwa hiyo vitabu ninavyotaka kuvisema vilisomwa katika ardhi hii kabla babu zetu wengi hawajaona kitabu cha aina yoyote.

Nilipokuwa kijana mdogo, kabla reli ya TAZARA haijapita bondeni mwetu, nilikuwa natumwa Ifakara kununua mafuta ya taa na sabuni. Mwenye duka mmoja alikuwa na desturi iliyotuudhi sana sisi watoto wa foleni. Mlango aliufungua mapema, lakini hakumhudumia mtu mpaka amalize kusoma kitabu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Alisoma kwa sauti, kwa namna ya kuimba, na mkewe, ambaye hakujua kusoma, aliketi karibu akisikiliza huku akichambua mchele. Siku moja nilimuuliza: “Bwana, kitabu hicho hujakimaliza tu?” Alinitazama bila hasira akasema: “Kijana, jana ulikula. Leo utakaa bila kula?” Kisha akapima mafuta yangu. Miaka michache baadaye alihama na familia yake, na sikumwona tena.

Jibu lile lilikuwa fupi, lakini ukilifuata linakupeleka mbali. Chakula hatuli ili tujue ladha yake. Hiyo tulishaijua utotoni. Tunakula kwa sababu mwili unapungua kila siku, na kinachopungua kila siku hakijazwi kwa mlo wa mara moja. Wavaishnava wanaamini kwamba ndivyo ilivyo kwa moyo. Kumkumbuka Mungu si jambo ambalo mtu akilipata amelipata, linavuja. Anayesoma kila siku anajaza mtungi wenye tundu, naye anajua kwamba una tundu.

Vitabu vyao ni vingi, lakini vitatu au vinne vinatosha kwa hoja yetu. Kipo Bhagavad Gita, chenye sura 18 na aya 700, mazungumzo kati ya Krishna na Arjuna, shujaa aliyeingiwa na mashaka katikati ya uwanja wa vita. Kipo Bhagavata Purana, kikubwa zaidi, chenye vitabu 12 ndani yake na aya ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa 18,000. Kipo Ramcharitmanas cha Tulsidas, kisa cha Rama. Na kwa wafuasi wa Swaminarayan, ambao wana mahekalu yao Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, kipo Shikshapatri, kijitabu cha aya 212 kilichoandikwa Vadtal, Gujarat, mwaka 1826.

Hicho cha mwisho kina maagizo ambayo mwalimu yeyote angependa kuyajua. Kinawataka wafuasi wakisome kila siku. Wasiojua kusoma wasikilize kikisomwa kila siku. Na asiyepata mtu wa kumsomea, akiheshimu kitabu chenyewe. Angalia mpangilio huo. Mwandishi alijua kwamba wengi wa watu wake hawakujua herufi, na hakutaka hata mmoja wao aachwe nje ya mlango. Mke wa yule mwenye duka hakuwa mtazamaji wa ibada ya mumewe. Alikuwa anatimiza fungu lake.

Kwa kweli, kwa Wavaishnava kusikia kunakitangulia kila kitu. Katika kitabu cha saba cha Bhagavata, kijana Prahlada anazitaja njia tisa za kumpenda Mungu: kusikia habari zake, kumsifu, kumkumbuka, kuitumikia miguu yake, kumwabudu, kumsujudia, kuwa mtumwa wake, kuwa rafiki yake, na kujitoa kwake kabisa. Ya mwisho ndiyo kilele, lakini ya kwanza ni sikio. Hakuna anayeanza kwa kujitoa. Mtu huanza kwa kuketi na kunyamaza wakati jambo jema linasomwa.

Kisa chenyewe kinachokibeba kitabu hicho kinaeleza kwa nini. Mfalme Parikshit alilaaniwa kwamba baada ya siku saba angeumwa na nyoka na kufa. Hakukusanya waganga wala askari. Aliacha kiti chake, akaenda kuketi kando ya mto Ganga, akawauliza wenye hekima: mtu aliye karibu kufa inampasa afanye nini? Shuka, aliyekuwa bado kijana, ndiye aliyemjibu, na jibu lake la siku saba ndilo kitabu chenyewe. Ndiyo maana hadi leo wako Wahindu wanaokisoma chote kwa siku saba mfululizo, familia na majirani wakiwa wamekusanyika.

Nilipokijua kisa hiki nikiwa kijana nilikiona cha ajabu ajabu. Sasa nimepita miaka 70, na sioni cha ajabu ndani yake. Siku za juma ni saba, na hakuna aliyewahi kufa siku ya nane. Parikshit anatuzidi kwa jambo moja tu: yeye aliambiwa tarehe.

Hapa msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Wahindu, yana uhusiano gani na sisi? Uhusiano upo, tena wa karibu. Ramcharitmanas imegawanywa kwa vituo ili isomwe yote kwa siku tisa, au kwa siku 30. Majirani zetu Waislamu wana Kurani yenye juzuu 30, na katika mwezi wa Ramadhani wengi huisoma juzuu moja kila siku mpaka wakahitimisha. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inawataka wamonaki waimbe zaburi zote 150 kila juma. Watu hawa hawakukaa kikao kimoja wakakubaliana. Kila mmoja kwa njia yake aligundua kwamba maneno matakatifu yanahitaji ratiba, kwa kuwa yakiachiwa mtu ayasome akipata nafasi, nafasi haipatikani kamwe.

Zipo hoja za upinzani, na si haki kuzipita. Ya kwanza ni ya lugha. Kuna faida gani kusoma au kusikia Kisanskriti usichokielewa? Sisi Wakatoliki wa umri wangu tunaijua hoja hii, maana tuliitikia misa kwa Kilatini kabla ya Mtaguso wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 kufungua mlango kwa Kiswahili. Naamini sauti ya sala ina uzito wake hata pale maana inapofichika. Mtoto mchanga hutulizwa na wimbo asiouelewa. Lakini mtoto hukua. Wavaishnava wenyewe walilijua hilo. Tulsidas alipoanza kuandika Ramcharitmanas mwaka 1574 mjini Ayodhya, alikiacha Kisanskriti cha wasomi akaandika kwa Kiawadhi, lugha ya wakulima na wachuuzi. Kwetu Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja aliona haja kama hiyo alipotoa tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Neno linaloitaka roho ya mtu halina budi limfikie kwa lugha anayoitumia kugombana na kupatana.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya unafiki. Tumewaona wasomaji hodari wa vitabu vitakatifu wenye ndimi kali na mikono mirefu. Kuhusu yule mwenye duka sisemi kwamba mizani yake haikuwahi kupotoka. Mimi sikuwa mkaguzi wa mizani. Mtu aweza kuwa kasuku wa aya mia saba. Basi kusoma kuna maana gani kama hakumzuii mwizi kuiba?

Najibu kwanza kwamba dini yenyewe inalijua tatizo hili. Narsinh Mehta, mshairi wa Gujarat wa karne ya 15, alitunga wimbo maarufu wa kueleza nani anastahili kuitwa Mvaishnava, na alama ya kwanza aliyoitaja ni mtu anayejua maumivu ya wengine. Hakuanza na idadi ya aya. Anayesoma bila kutenda hasomi kupita kiasi. Anasoma nusu, kama mtu anayetafuna chakula na kukitema.

Najibu pili kwa mfano wa mtu mmoja ambaye wimbo huo ulikuwa kipenzi chake. Mohandas Gandhi alizaliwa katika familia ya Kivaishnava. Mwaka 1893, akiwa wakili kijana akielekea Afrika Kusini, meli yake ilipita Lamu na Mombasa, akakaa Unguja siku kadhaa akingoja meli nyingine. Gita alikuwa ameshaisoma, tena mara ya kwanza aliisoma London alipokuwa mwanafunzi wa sheria, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold. Kwa hesabu ya shule, kitabu kilikuwa kimekwisha. Lakini miaka kumi hivi baadaye, akiwa Johannesburg na kazi nyingi, aliamua kukihifadhi moyoni. Hakuwa na muda, hivyo aliutafuta pale ulipokuwa umelala. Alibandika karatasi zenye aya ukutani, mbele ya mahali aliposimama kupiga mswaki, na katika dakika 15 za kila asubuhi alijifunza aya moja au mbili. Kwa njia hiyo anaeleza kwamba alihifadhi sura 13.

Kilichofuata ndicho kinachojibu hoja yetu. Maneno mawili ya kitabu kile yalimganda: moja la kutojilimbikizia mali, jingine la kuwa na moyo mmoja katika raha na shida. Mtu anayesoma mara moja angeyapita kama mazuri tu. Yeye alikutana nayo kila asubuhi akiwa na mswaki mdomoni, na hatimaye hakuweza kuyakwepa. Aliandika barua bima yake ya maisha iachwe ifutike, na akamweleza kaka yake kwamba hatamtumia tena akiba yake kama zamani, kwa sababu itatumika kwa faida ya jamii. Kaka aliumia sana. Tunaweza kubishana kama alifanya sawa kwa ndugu yake. Mimi mwenyewe sina hakika. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba usomaji ule haukugusa maisha. Neno linalorudiwa kila siku ni kama mdai anayebisha hodi kila siku. Mwisho utamlipa, au utahama nyumba.

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali letu. Kusoma mara moja kunampa mtu nafasi ya kukihukumu kitabu: hiki kizuri, hiki kigumu, hiki sikubaliani nacho. Kusoma kila siku kunakipa kitabu nafasi ya kumhukumu msomaji. Maneno hayabadiliki, lakini anayeyaendea si yule wa jana. Jana alikuwa na afya, leo anaumwa. Jana alikuwa mdai, leo anadaiwa. Jana alimzika baba wa mwenzake, leo baba yake. Aya ile ile inamkuta mahali papya, na hilo hakuna mtihani unaoweza kulipima.

Wakulima wa Mchombe hawahitaji falsafa ndefu kulielewa jambo hili. Mpunga unapoanza kuingiza maziwa, mtu hupanda dunguni alfajiri na kuamia ndege mpaka jua linapozama. Hakuna anayesema kwamba aliamia vizuri Jumatatu, kwa hiyo Jumanne atalala. Ndege wa Jumanne hawana habari za bidii yako ya Jumatatu. Kazi ya kuamia haiongezi hata punje moja shambani. Inalinda tu zilizopo. Yeyote aliyewahi kuiacha kwa siku mbili anajua maana ya neno “tu” hapo. Hasira, tamaa na kukata tamaa ni makundi ya ndege wa kila siku, na kitabu kitakatifu kinachosomwa kila siku ndicho dungu letu.

Liko jambo jingine ninalolisema kama mwalimu. Nchi yetu ilifanya kazi kubwa sana ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kwamba wamebaki chini ya 10. Wazee wetu waliketi chini ya miembe na madaftari ya kisomo, mikono iliyozoea jembe ikishika penseli. Lakini sensa ya 2002 ilikuta tena karibu watu wazima 3 katika kila 10 hawajui kusoma. Sababu ni nyingi, ikiwa ni pamoja na watoto ambao hawakupelekwa shule. Moja ya hizo niliiona kwa macho yangu hapa bondeni: mzee alipata cheti, kisha hakuwa na cha kusoma, na herufi zikamtoka taratibu. Waliobaki na kisomo chao mpaka kufa walikuwa hasa wale waliokuwa na kitabu kimoja cha kurudia: kitabu cha sala, Biblia, msahafu. Walichokisoma kwa ajili ya roho kiliwahifadhia hata herufi zenyewe.

Basi kwa yeyote anayetaka kuanza, awe wa dini yoyote, nina ushauri wa mtu mzima. Usianze na mengi. Aya mbili zinazosomwa kila siku zinashinda sura kumi za siku ya sikukuu. Chagua saa, na saa hiyo usiiuze. Soma kwa sauti, ili asiyejua kusoma aliyemo nyumbani apate fungu lake. Usiku kabla ya kulala, jiulize swali moja tu: maneno ya asubuhi yalinidai nini leo, na je, nimelipa? Dakika 15 zinatosha, na hakuna mke wala shamba litakaloonewa kwa dakika 15. Pengine nyumba nzima itapata mtu mpole zaidi katika saa zilizobaki.

Mimi mwaka huu mtoto wa jicho amenizidia, na herufi ndogo zimekuwa kama sisimizi wanaokimbia. Mjukuu wangu wa darasa la sita ndiye anayenisomea zaburi kila jioni. Husoma haraka, apate kwenda kucheza, na mara nyingine huruka mstari. Namwambia, “Rudi, umeacha kitu.” Hushangaa nimejuaje bila kuona ukurasa, kisha hurudi na kusoma polepole.